Msimu wa pepo, msimu wa hija: wahenga wa pwani walivyojiandaa kwenda Maka

Juzi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni mhariri katika chombo kimoja cha habari, alinipigia simu akiwa na haraka ya kumaliza ukurasa. "Mwalimu, tuandike mahaji au mahujaji?" Nikamwambia yote mawili yanafaa, ila hilo la pili lina kisa chake. Kwa Mwarabu, haji ni mtu mmoja na hujaji ni watu wengi. Sisi Waswahili tulilichukua hilo la wingi, tukaliona kama jina la mtu mmoja, kisha tukalitia kiambishi cha ma-. Kwa hiyo mahujaji ni wingi juu ya wingi. Akacheka, akashukuru, akakata simu.

Yeye alikwenda kumaliza ukurasa wake. Mimi nikabaki na lile neno. Nilikuwa na sababu, na nitaieleza baadaye. Kwanza nataka msomaji wangu anifuate katika jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita juu kwa juu: Mswahili wa zamani aliipanga vipi safari ya hija? Si ibada yenyewe, kwani hiyo ina masheikh wake wa kuifafanua. Nazungumzia ule mpango wa kutoka hapa hadi kule na kurudi, enzi ambazo hapakuwa na ndege, wala meli ya moshi, wala ofisi ya wakala.

Tuanze na neno msimu, ambalo kila mmoja wetu analitumia. Tunasema msimu wa maembe, msimu wa mvua, msimu wa kandanda. Asili yake ni neno la Kiarabu mausim, lenye maana ya wakati maalumu wa watu kukusanyika, ukiwemo wakati wa hija. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilichukua neno hilo wakalipa pepo za bahari zinazokuja kwa wakati wake. Kwa hiyo neno moja likabeba mambo mawili: majira ya watu kumiminika Maka na majira ya upepo wa kuwafikisha huko. Ungedhani mambo hayo mawili yalikwenda sambamba. Lakini wapi! Taabu yote ya msafiri wa zamani ilikuwa hapo hapo, kwamba misimu hiyo miwili haikupatana.

Upepo hufuata jua. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba, na ndiyo iliyoyarudisha. Katikati pana majira ya tangambili, upepo ukiwa haujulikani unatoka wapi. Mpango huo haubadiliki mwaka hadi mwaka.

Hija nayo hufuata mwezi. Waswahili walihesabu miezi kuanzia mwisho wa saumu: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, na kuendelea hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Wengine husema Mfungo. Hija iko Mfunguo Tatu, na tarehe tisa ya mwezi huo mahujaji husimama katika uwanda wa Arafa. Asiyekuwapo Arafa siku hiyo hana hija mwaka huo, hata kama amefika Maka kesho yake akiwa na mali ya Karuni.

Sasa, mwaka wa mwezi una siku 354 au 355. Unapungukiwa na mwaka wa jua kwa siku kama kumi na moja. Kwa hiyo hija hurudi nyuma kila mwaka, na baada ya miaka kama 33 huwa imezunguka majira yote. Angalia mfano wa karibu: mwaka 1991 Arafa iliangukia Juni, mwaka 2007 iliangukia Desemba, mwaka 2024 ikawa Juni tena. Sisi tunaoruka kwa ndege jambo hili hutuhusu kwa joto na baridi tu. Nahodha wa Lamu au Pate lilimhusu kwa uhai wake.

Hebu fikiria hija ikiangukia Januari. Msafiri wa Mombasa alilazimika kuondoka na kusi ya Agosti au mwanzoni mwa Septemba, afike Aden au pwani ya Hadhramaut, akae huko miezi akisubiri. Sababu ni kwamba Bahari ya Shamu nayo ina tabia zake. Sehemu ya kusini ya bahari hiyo hupata upepo wa kusukuma chombo kwenda juu wakati wa baridi tu. Wakati wa joto upepo hutoka kaskazini na kumpiga msafiri usoni. Akishahiji, ilimbidi awahi kurudi Aden kabla kaskazi haijaisha mwezi wa Machi. Akichelewa, basi ni kusubiri hadi mwisho wa mwaka.

Na hija ikiangukia Juni je? Hapo ndipo kusi huwa kali hata manahodha wakavuta vyombo pwani, na Bahari ya Shamu nayo haipandiki kwa wepesi. Msafiri mwenye akili aliondoka mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mtu akisema "nakwenda Maka", majirani hawakumuuliza atarudi lini. Walijua ni mwaka, au miwili, au zaidi, au basi.

Ushahidi tunao. Tarehe ya Kilwa, ambayo ni mojawapo ya maandishi yetu makongwe ya historia, inatusimulia habari za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Inasema kwamba alipokuwa kijana alifunga safari ya hija, akakaa Aden miaka miwili akisoma elimu ya dini, ndipo akaenda Maka. Nyuma yake nduguye Daud alishika hatamu kwa niaba yake. Wanahistoria wengi husifu uchaji wa huyo kijana. Mimi husoma pia kalenda. Aden ilikuwa mahali pa kungojea upepo na mwezi vikutane, na aliyekuwa na busara aliutumia muda huo kukaa miguuni pa mwanachuoni.

Ni sultani huyo huyo ambaye Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Tangier, alimkuta Kilwa mwaka 1331. Ibn Battuta anasimulia kuwa aliwakuta Kilwa masharifu waliotoka Hijazi, na kwamba sultani aliwatengea fungu katika mali. Maana yake ni kwamba njia ya kwenda Maka haikuwa ya upande mmoja. Waliokwenda kule walijuana na watu, na watu hao wakaja huku. Ukiulizia leo jinsi elimu, hati ya Kiarabu na nasaba za masharifu zilivyosambaa katika upwa wetu, usiache kuitazama njia ya hija.

Karne nyingi baadaye mambo yalikuwa yale yale. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kuwa kadhi maarufu wa Unguja, na mwanafunzi na rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, ni miongoni mwa wanavyuoni wetu waliounganisha ziara za miji mitakatifu na kutafuta elimu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy ametuachia habari zao. Kwa watu kama hao, kupanga hija kulikuwa kupanga masomo. Barua ya kumtambulisha mtu kwa sheikh wa Maka ilikuwa na thamani kuliko mfuko wa fedha.

Lakini si kila mtu alikuwa mwana wa sultani au mwanachuoni. Mvuvi, mkulima wa minazi na fundi seremala walijiandaa vipi?

Hapa tena lugha inatusaidia. Sharti la hija ni kuweza. Jambo hilo limo katika Kurani, katika sura ya Aali Imran, na wanavyuoni wakalifafanua: awe na masurufu ya safari, awe na kipando, njia iwe na amani, na wale wanaomtegemea wawe na cha kula mpaka arudi. Neno masurufu lenyewe siku hizi limepotea midomoni mwa vijana. Wao husema "pesa za matumizi". Lakini masurufu yalikuwa zaidi ya pesa. Yalikuwa mchele, tende, samaki mkavu, samli na maji, vyote vikipimwa kwa siku zisizojulikana idadi.

Kabla ya masurufu kulikuwa na deni. Mtu hakuanza safari akiwa na deni la watu ila mwenye deni amemruhusu. Kisha amana: kila alichowekewa alikirudisha kwa mwenyewe. Kisha wasia, ulioandikwa mbele ya mashahidi. Mwisho wa yote ni buriani. Siku hizi tunaliandika neno hili kwenye matangazo ya vifo peke yake, "buriani mwendazake". Maana yake ya zamani ilikuwa kutakana msamaha kabla ya kuachana. Watu walitakana buriani: mimi nikuwie radhi, nawe uniwie radhi. Msafiri wa Maka alizunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, akitaka buriani hata kwa mtu waliyenuniana miaka kumi. Nguo mbili nyeupe za ihramu alizozibeba ndani ya bahasha zilifanana na sanda, naye alilijua hilo. Alikuwa anapanga safari ya kwenda kuhiji na papo hapo anapanga kifo chake, na hakuona kwamba kuna ubaya.

Wahenga wakasema msafiri masikini ajapokuwa sultani. Hawakuwa wakitania.

Meli za moshi zilipokuja, zilivunja nguvu ya upepo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mwisho wa mwaka 1872 kampuni ya British India ikaanza safari za meli za barua kati ya Aden na Unguja. Kuanzia hapo mtu angeweza kuhesabu safari kwa majuma. Nauli ikawa ndiyo habari. Na tukilitazama hilo neno nauli, tunakuta limetoka kwa Wayunani, likapita kwa Waarabu, likatufikia sisi. Tangu awali lilikuwa malipo ya chombo cha baharini. Kwa hiyo mtu anayegombana na makanga kuhusu nauli ya matatu pale Buxton anatumia neno la majahazi bila kujua.

Meli zilileta wepesi, na zikaleta maradhi. Mwaka 1865, hija iliangukia Mei, kipindupindu kilizuka Maka. Inakadiriwa kwamba kati ya mahujaji 90,000 waliokuwapo, 15,000 walikufa. Waliosalia wakarudi makwao, na maradhi yakafika Misri, Ulaya na hadi Marekani. Sisi pia hatukusalimika. Daktari James Christie, aliyekuwa akiishi Unguja, alichapisha kitabu mwaka 1876 akiifuatilia njia ya kipindupindu kutoka kule Hijazi, kupitia nchi za kaskazini na bara, hadi kikaingia Unguja mwaka 1869 na kuua maelfu ya watu.

Mataifa yalikutana Istanbul mwaka 1866 kujadili balaa hiyo. Mojawapo ya matokeo ni kwamba serikali ya Waturuki, waliotawala Hijazi wakati huo, iliweka kituo cha karantini katika kisiwa cha Kamaran, kwenye Bahari ya Shamu, mwaka 1882. Meli za mahujaji kutoka upande wa kusini zililazimika kutia nanga hapo. Watu walishushwa, nguo zao zikafukizwa kwa mvuke, wakakaa siku kadhaa wakichunguzwa, na gharama wakalipa wenyewe. Mpango wa hija ukaongezewa kifungu kipya: siku za Kamaran na pesa za Kamaran. Waingereza walikitwaa kisiwa hicho wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na karantini ikaendelea.

Babu yangu mzaa mama alipita hapo. Nikiwa mtoto nilimsikia akisimulia barazani, na katika masimulizi yake Kamaran ilichukua nafasi kubwa kuliko Jeddah. Alisema walivuliwa nguo kama watoto wanaooshwa, na kwamba mzee mmoja wa msafara wao alilia, si kwa aibu, bali kwa hofu kuwa tarehe tisa ingemkuta kisiwani. Haikumkuta. Kutoka Jeddah walipanda ngamia hadi Maka, kiasi cha kilomita 80, mwendo wa usiku wakikwepa jua. Kwenda Madina ilikuwa mwendo wa siku kumi na zaidi, na huko ndiko walikokuwa wanyang'anyi. Babu alikuwa na mutawifu wake, yaani mwongozi wa mahujaji, na jina la mutawifu huyo alilihifadhi kichwani kama jina la mwanawe, kwani ndiye aliyekuwa hoteli yake, benki yake na mkalimani wake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mfalme Abdulaziz aliiteka Maka mwaka 1924 na Jeddah mwaka uliofuata, usalama wa njia ukaimarika, magari yakaanza kuwafukuza ngamia. Mwaka 1952 akafuta ada iliyokuwa ikitozwa kila hujaji. Kisha zikaja ndege, na safari ya mwaka mzima ikawa ya saa chache.

Ungedhani basi sasa kupanga kumekwisha. Kumbe kumegeuka sura. Zamani kilichomzuia mtu kilikuwa upepo. Siku hizi ni nafasi. Mwaka 1988 mataifa ya Kiislamu yaliyokutana Amman yalikubaliana kwamba kila nchi ipewe mahujaji 1,000 kwa kila Waislamu milioni moja. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na masurufu, na afya, na amani, na bado akangojea zamu. Anahitaji viza, anahitaji chanjo ya uti wa mgongo na ya homa ya manjano, anahitaji kibali. Karantini ya Kamaran imehamia kwenye makaratasi.

Na pale penye foleni ndefu, huzuka wa njia ya mkato. Hapa ndipo sababu niliyoahidi kuieleza inapoingia.

Katika mtaa nilikolelewa palikuwa na fundi cherehani. Kanzu yangu ya kwanza aliishona yeye. Kwa miaka mingi alikuwa akiweka akiba ndani ya kopo la maziwa ya unga, haba na haba. Alipokaribia miaka sabini, kopo likawa halitoshi, akauza kipande cha shamba lake la minazi. Akampa mtu mmoja pesa zote, mtu aliyevaa vizuri na kuzungumza vizuri, aliyemwahidi kila kitu kwa bei ya chini na kwa haraka. Hakuna risiti ya maana, hakuna shahidi. Fundi akazunguka mtaa mzima akitaka buriani, kwa desturi ya wazee wake. Alikuja hadi kwetu, akaniambia, "Mwanangu, niwie radhi kama niliwahi kukukosea vipimo." Siku ya safari ikafika, simu ya yule bwana ikawa haipatikani. Fundi alikaa na mkoba wake uliofungwa kwa juma zima. Alifariki miaka miwili baadaye, na hakuwahi kwenda.

Nimelifikiria jambo hili sana. Wahenga wasingemwibia hivyo, na si kwa sababu walikuwa malaika. Mpango wao ulikuwa wa hadhara. Deni lililipwa mbele ya watu, wasia uliandikwa mbele ya mashahidi, nahodha alijulikana kwa jina la baba yake na chombo chake kwa jina, na mutawifu alikuwa wa watu wote wa mji. Sisi tumeufanya mpango huo kuwa siri kati ya mzee mmoja na simu moja. Tumebakisha buriani, tukatupa mashahidi.

Na kuna hatari kubwa kuliko kupoteza pesa. Mwaka 2024, hija ilipoangukia Juni, joto katika Msikiti Mtukufu lilifika nyuzi 51.8. Watu zaidi ya 1,300 walikufa. Serikali ya Saudi Arabia ilisema kwamba asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali. Asiye na kibali hana hema lenye kipoza hewa, hana basi, hana mahali rasmi pa kupumzika. Anatembea juani masafa marefu. Wengi wao walikuwa wazee waliochoka kungoja, na wengine walidanganywa kwamba viza yoyote inatosha. Sharti la njia iwe na amani, ambalo wanavyuoni waliliweka wakifikiria wanyang'anyi wa jangwani, lingali na kazi yake. Aliyebadilika ni mnyang'anyi.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu anayepanga hija leo afanye nini, mimi si sheikh, lakini kama mtu wa lugha na historia nitamwambia alirudie neno kuweza katika upana wake wote. Kuweza si nauli peke yake. Ni deni lililolipwa, si mkopo mpya uliochukuliwa. Ni watoto walioachiwa chakula. Ni kuwauliza waliokwenda kabla yako, kupita kwa wanaotambulika rasmi, kudai risiti, kumpeleka kijana wako akiwa shahidi. Na kama zamu haijafika, ni kusubiri bila aibu. Mwana wa sultani wa Kilwa alisubiri miaka miwili Aden.

Nimalizie na neno moja dogo. Mahujaji wanapokwenda Maka hupaza sauti wakiitikia mwito, na neno wanaloanza nalo ni labaika, nimeitika. Neno hilo lilisafiri nasi kurudi pwani. Likawa labeka, likawa lebeka, likafupishwa likawa abee, na mwisho bee. Mtoto wa kike wa Mombasa au Lamu akiitwa na mama yake kutoka jikoni huitika "Abee!" bila kujua kuwa ametamka neno la mahujaji.

Kila nikilisikia namkumbuka fundi, na mkoba wake uliofungwa. Yeye alikwisha kuitika. Waliomzuia njiani ndio wenye jambo la kujibu.